Mafuta ya Namna Tatu

"Mafuta ni mafuta, mama Viviane. Andika."

Inspekta Viviane Losaila hakuandika. Mezani mbele yake lilikaa bidoni la njano la lita ishirini, lile lililotolewa Jumanne katika kibanda cha mlinzi Mahmoudi. PV, hati ya polisi, ilisema: bidoni moja ya mafuta. Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe chini ya pua ya mkubwa wake. Karatasi ikawa nyekundu kama udongo wa barabara ya Buta.

"Hii iko mawese, commandant. Bibi yake anakaanga mikate. Groupe, jenereta ya kuwasha taa, inakunywaka mawese tangu lini?"

Commandant Dominique aliisogeza karatasi mbali na mikono ya shati lake. "Na kile kikaratasi? Kinasema mawese?"

Hapo ndipo penye mfupa. Kikaratasi hicho ndicho kilichomfunga Mahmoudi. Kilikutwa katika mfuko wa shati la Constant Lifoli, mtafiti wa maabara moja ya fiziolojia, siku alipopatikana amekufa ndani ya chumba cha baridi cha maabara yake mwenyewe. Mwandiko ulikuwa wake: *Mafuta ndiyo inafungua mlango. Kubisha peke yake haitoshi.*

Commandant alikisoma mara moja tu, ikamtosha. Mlinzi anafungulia wezi mlango, wezi wanamlipa kwa mafuta ya jenereta. Constant anagundua. Mlinzi anamfungia kwenye baridi Jumatatu jioni, na asubuhi anajifanya kumwokota. Daktari alikuwa amesema moyo ulisimama. Constant alikuwa na shinikizo la damu la miaka mingi, na vidonge vyake vilibaki kwenye koti, nje ya mlango.

"Saa kumi na moja, masaa yake arobaini na nane inaisha," alisema commandant. "Jeep inamupeleka gerezani. Uniletee jina lingine, ao unisainie hili."

Mahmoudi alikuwa na miaka sitini na minane na kifua kibovu. Viviane alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na alijua kuwa faili ya mauaji ikishavuka lango la gereza haina miguu ya kurudia. Alitazama saa ya ukutani. Saa nane na nusu. Alitia kwenye mkoba vielelezo viwili, kile kikaratasi na roli ya karatasi ya mashine iliyokatwa maabara, akatoka.

Kwenye ngazi alimkuta mama Kadidja, mke wa Mahmoudi, amekumbatia bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Mvua ilikuwa inamrukia miguuni.

"Mama inspecteur, wamesema asile mpaka commandant atoke kwenye réunion, ule mukutano wake."

"Hakuna réunion. Ingia, sema Viviane amesema ale."

"Na bidon yangu? Tangu juzi sikaange kitu. Clients wanahamia kwa mama Chantal, na mikate yake iko kama mawe."

"Leo, mama."

"Na bwana yangu?"

Kwa hilo Viviane hakusema leo wala kesho. Jeep ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa inamngoja Mahmoudi. Akapanda toleka, baiskeli ya abiria, akamwambia kijana wa pedeli apite barabara fupi hata kama ina madimbwi.

*

Fundi wa maabara aliitwa Dady. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, blouse yake nyeupe, koti la maabara, imepigwa pasi hadi kwenye kola. Maelezo yake ya Jumanne yalikuwa mistari miwili: Jumatatu alitoka saa saba mchana, hakurudi. Alikuwa amewasha jenereta, kama Viviane alivyoagiza kwa simu, na sauti yake ilipenya ukutani kama mzee anayekohoa.

"Mimi biolojia niliiacha nyuma yangu kwa furaha," alisema Viviane, akining'iniza koti lake lililolowa kwenye msumari. "Unielezee kile Constant alikuwa anafanya Jumatatu. Kama unaelezea mutoto wangu wa mwisho. Na usiruke kitu."

Uso wa Dady ukafunguka. Alipenda kuulizwa, hilo Viviane aliliona mara moja.

Mezani kulikuwa na kikombe cha kioo chenye maji ya chumvi yaliyopashwa joto kama la mwili. Ndani yake, kati ya kulabu mbili nyembamba, ulining'inia mduara mdogo wa nyama usiozidi pete ya kidole cha mtoto.

"Mushipa wa damu wa mbuzi. Ya leo asubuhi, kwa boucher, muuza nyama. Kulabu ya juu inavuta kalamu ile, kalamu inaandika kwa karatasi. Mushipa ukikaza, mustari unapanda. Ukilegea, unashuka. Sentimita moja ni dakika moja."

"Unakaza kwa nini?"

"Bon. Ukuta wa mushipa iko na misuli. Kila seli ya musuli uione kama nyumba. Kalsiamu iko inje, nyingi, inangojea. Ikiingia, musuli inakaza, njia ya damu inakuwa nyembamba, tension, presha ya damu, inapanda. Na ukuta wa hiyo nyumba, mama, haiko matofali. Iko mafuta. Milango ya kalsiamu imesimama mu mafuta."

Alichukua bomba la sindano, akatia tone moja katika kikombe. "Huyu ndiye anabisha. Ni ndugu ya adrenalini."

Kalamu ilitulia kidogo, kisha ikapanda.

"Donc, basi amefungua," alisema Viviane.

"Kila mutu anasema hivyo." Dady alitabasamu. "Hapana. Yeye anabakia inje. Kwa ndani kuko kitu kama mukasi. Akibisha, mukasi unakata mafuta moja ya ukuta vipande mbili. Kipande moja inaenda kati ya nyumba, inaamsha kalsiamu yenye kulala mu depot, mu stoo ya nyumba. Kipande ya pili inabakia mu ukuta, inasukuma mulango, ya inje inaingia. Chef Constant alikuwa anashugulikia hiyo ya pili. Alimeza vidonge vya tension miaka kumi, na vile vinafunga mulango ingine, si huu. Alisema, mimi ninataka kujua mulango yenye dawa yangu haijui."

Alifungua bomba chini ya kikombe, maji yakatoka, akajaza mengine. Mstari ukashuka kidogo, ukasimama. Dady akatazama saa yake, akakunja mikono.

"Tunangojea nini?"

"Dakika tano. Kisha maji ya pili, kisha ya tatu."

"Sina dakika za kuchezea, Dady."

"Mama, ile haiwezekane. Mushipa ukibakia umekaza unajichosha, unakufa mbele ya saa yake. Hapa hakuna mutu anatoka akiacha mushipa umekaza. Hata nyumba ikiwaka moto."

Basi wakangoja. Maji ya pili, maji ya tatu. Kila mara mstari ulishuka kipande, ukalala kidogo, ukashuka tena, hata ukachora ngazi tatu safi. Viviane alizitazama kama mtu anavyotazama maji ya chai yasiyotaka kuchemka.

Kisha Dady akatia dawa ya kufunga mkasi. Akangoja. Akabisha kwa tone lile lile la kwanza. Kalamu ikatikisika, ikalala.

"Unaona? Anabisha, lakini kwa ndani hakuna wa kukata. Sasa ninamupatia mafuta yenyewe, kipande yenye imeshakatwa. Hakuna kubisha, hakuna mukasi."

Tone likaanguka. Kwa dakika mbili hakukuwa na kitu. Kisha mstari ukaanza kupanda polepole, bila haraka, kama mtu mwenye ufunguo wake.

"Mafuta ndiyo inafungua mulango," alisema Dady kwa sauti ya kukariri. "Kubisha peke yake haitoshi. Chef alikuwa anaimbisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza hivyo. Jumanne hii angewaimbisha tena."

Viviane alitoa daftari, akalisukuma mbele yake. "Andika hayo maneno, na maana yake. Saini."

Dady aliandika, mwandiko mzuri. Alipomaliza ilikuwa saa kumi na dakika tano. Kikaratasi cha commandant kilikuwa kimekufa: ulikuwa wimbo wa darasani, wala haukumtaja mlinzi yeyote. Lakini kuua kikaratasi si kumtoa mtu. Mahmoudi bado ndiye aliyeufungua mlango akakuta maiti, na Viviane bado hakuwa na jina lingine.

"Nionyeshe hicho chumba."

Dady alinyoosha mkono kwenye bomba la kikombe. "Nisafishe kwanza."

"Utasafisha nyuma. Twende."

Alimfuata. Mara mbili aligeuka kuitazama kalamu.

*

Chumba cha baridi kilikuwa upande wa pili wa maabara ile ile, hatua nne kutoka mezani. Mlango wa bati zito, nje una pete mbili za kufuli, ndani una kifundo cha kusukuma. Kufuli hakukuwa na mtu aliyeliona tangu Jumatatu. Mahmoudi alikuwa amesema alikuta pete tupu, mlango umesindikwa tu. Commandant alikuwa amecheka.

"Nikiwa ndani, kifundo kinafungua?"

"Kama hakuna kitu mu zile pete, ndiyo."

Viviane aliingia. "Funga. Usitie kitu."

Mlango ulifungwa, akasukuma, ukafunguka. Hivyo mtu alikuwa ametia kitu kwenye pete, kisha akakitoa. Jambo la kwanza. La pili lilikuwa sauti: je, mtu ndani akiita, aliye mezani anasikia?

"Funga tena. Rudi kwa meza. Nitasoma kitu, uniambie kama unasikia maneno."

Ndani hakukuwa na taa. Rafu mbili, chupa, kelele ya feni. Blauzi yake iliyolowa ilimshika mgongoni kama mkono wa mtu. Aliwasha taa ya simu, akatafuta kitu cha kusoma, akatoa ile roli ya Jumatatu, akaikunjua ukutani.

"Mbuzi dume," alisoma kwa sauti kubwa. "Mushipa wa pili. Saa nane na dakika kumi, mafuta."

"Ninasikia," ilisema sauti ya Dady. "Donc ninasikia vizuri."

Ulikuwa mwandiko wa Constant. Baada ya neno *mafuta* mstari ulipanda bila haraka, kama ule wa mchana huu, ukafika juu, ukanyooka. Viviane akaendelea kukunjua. Mstari ulinyooka, ukanyooka, mduara wa mbuzi umekaza na hakuna mtu wa kuulegeza. Karatasi ilikuwa na miraba ya sentimita. Alihesabu kwa kidole: themanini na nane, themanini na tisa, tisini.

Kisha ngazi. Moja, miraba mitano. Ya pili, miraba mitano. Ya tatu. Baada ya hapo karatasi nyeupe.

Alikuwa ameiona karatasi hii siku mbili bila kujua kuisoma. Sasa alikuwa amefundishwa.

"Mama?" Sauti ilikuwa karibu na mlango. "Ile unasoma ni karatasi ya siku gani?"

"Dady, Mahmoudi anafikaka kazini saa ngapi?"

Viviane alijijibu mwenyewe.

"Saa kumi na mbili. Na hapa, saa tisa na dakika arobaini, mutu amesafisha mushipa. Mara tatu, dakika tano tano. Wewe ulitoka saa ngapi Jumatatu?"

Jibu lilikuwa la chuma. Kitu chembamba, bisibisi labda, kiliteleza ndani ya pete. Viviane akasukuma kifundo kwa kiganja, kisha kwa bega. Mlango ulikuwa kama umeota mizizi.

Simu: hakuna mtandao, bati pande zote. Saa: kumi na dakika ishirini. Jeep: saa kumi na moja. Jenereta lilikohoa kwa afya njema. Alikuwa amezaa wanne na kulea sita, na alijua kwamba mtoto aliyejifungia na kosa lake haletwi mlangoni kwa makelele. Huitwa kwa jambo dogo, la kila siku, analolijua.

"Dady," alisema, bila kupandisha sauti. "Ule mushipa umeuacha umekaza."

Feni. Kisha viatu vilisogea mbali na mlango: hatua moja, mbili, tatu, nne. Bomba likafunguliwa. Maji yakamwagika.

Ngazi ya kwanza, aliwaza Viviane, akaanza kubisha kwa pembe ya simu. Pole pole, bila kukoma.

"Usibishe, mama."

"Baridi iko mingi huku. Sema wewe, mimi ninasikiliza."

Dady alisema kutoka mezani. "Wiki tatu groupe haikukuwa na mafuta. Wiki tatu. Professeur Augustin, mwenye kusimamia kazi yetu, anadai karatasi kila Ijumaa, yeye iko kwake, hajui giza ya hapa. Nilichukua mustari ya zamani nikachora tena. Ningefanya nini?"

"Constant aliona."

"Mustari moja, tarehe mbili. Hata mutikisiko moja wa kalamu, pale pale. Alisema anamuandikia professeur barua. Miaka kumi na moja, mama. Kazi ingine mimi sijue. Aliingia kuchukua chupa, nikatia kufuli. Nilitaka tu niondoshe zile karatasi, niende nizichome, nirudi nimufungulie."

"Ulirudi."

"Nilirudi."

"Na hii ya Jumatatu, kwa nini haukuichoma?"

Sauti yake ikawa karibu ya mtu aliyetukanwa. "Ile ilikuwa ya kweli."

Maji ya pili. Saa kumi na dakika ishirini na nane. Viviane alibisha. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekuwa vya mtu mwingine. Alihamishia simu mkono wa kushoto, akabisha, akahesabu. Kwenye ishirini na saba simu ilimponyoka, ikapiga sakafu, taa ikazimika.

Aliinama gizani, akapapasa. Chupa. Mguu wa rafu. Meno yake yalikuwa yanagongana, akayabana. Maji ya tatu yalianza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kubishia. Akasimama kimya, sikio kwenye bati, asikie kama bomba linafungwa.

Bomba halikufungwa. Viatu vilikuja mbio. Bisibisi ikaanguka sakafuni na mlango ukavutwa wazi kwa nguvu hata ukagonga ukuta.

"Mbona umenyamaza?" Dady alikuwa amelowa mikono hadi viwikoni, macho yamemtoka. "Mama, sababu gani umenyamaza?"

Viviane alitoka kwanza. Aliokota bisibisi, akaitia mkobani. Kisha akarudi kizingitini, akaona simu chini ya rafu, akaivuta kwa mguu. Kioo kilikuwa kimepasuka lakini ilikuwa hai. Ndipo alipogeuka.

"Kwa sababu simu imeanguka. Wewe ulifikiri nini?"

Dady alikaa kwenye kiti cha mashine. Nyuma yake bomba lilikuwa bado linatiririka na kalamu ilikuwa inamaliza ngazi yake ya tatu.

"Jumatatu, nilirudi, nilimukuta anabisha. Nilisema, nisafishe kwanza, nifikirie nitamwambia nini. Kwa maji ya kwanza alibisha. Kwa maji ya pili alibisha."

Ya tatu hakuisema.

"Kufuli ulitoa saa ngapi?"

"Kisha ya tatu kuisha. Nilifungua kidogo. Nilifunga tena."

Viviane alimwekea kalamu ya wino mkononi na kukunjua roli ya Jumatatu magotini pake. "Kwa kila ngazi, andika saa. Andika nani alifungua maji. Jina lote."

Aliandika mara tatu. Mwandiko haukuwa tena mzuri. Viviane alimfunga pingu kwa mbele, kwa kuwa alimhitaji atembee, kisha akasimama dirishani penye mtandao. Saa kumi na dakika arobaini na mbili.

"Commandant. Papa Mahmoudi asipande jeep."

"Amekwisha kupanda."

"Ashuke. Jeep inikute huku, kuko mutu wa kuipanda. Nina jina, nina saa, nina saini tatu."

Upande wa pili ulisikika ukifunika simu, ukipaza sauti uani, mlango wa gari ukibamizwa. Kisha: "Ameshuka. Na ile habari ya mafuta?"

"Mafuta iko namna tatu, commandant. Wewe ulijua moja. Ile ya bidon mupatie mama Kadidja mu mikono, leo, kabla hajaenda."

Alikata. Alivaa koti lake, bado limelowa, akazikunja roli mbili, ya Jumatatu na ya leo, pamoja. Dady alikuwa amesimama karibu na mlango, akitazama mduara wa mbuzi ulioning'inia umelegea ndani ya kioo.

"Mama inspecteur. Nizime groupe? Mafuta inaisha bure."

Jumatatu mafuta yalikuwa yamejaa hadi shingoni. Kama yangepungua kidogo, feni ingesimama, na Constant angengoja mle ndani hadi alfajiri, mzima.

"Zima," alisema Viviane.

Alimshikia mlango apite, na pingu zake, kwenda kuzima.